Kama havionekani, dawa ya nini tena?

Mama mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni, Moshi, hushindilia pamba kwenye kichupa chake cha dawa. Bila pamba vidonge vinalia, na ndani ya daladala iliyojaa kila mtu anaujua mlio ule. Mwezi uliopita alinionyesha majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU): havikuonekana. Alikuwa amemuuliza sista wa kliniki, "Kama havionekani, nakunywa dawa ya nini tena?" Akajibiwa, "Mama, we kunywa tu."

Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi.

Wahudumu wana sababu za kukwepa habari za kupona. Mkoa wa Arusha haujasahau mwaka 2011, misururu ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja cha dawa ya mitishamba aliyosema inaponya, shilingi 500. Wapo waliokunywa wakaacha ARV wakiamini yamekwisha. Mama huyu alikuwa mmoja wao, na alirudi kliniki miezi kadhaa baadaye amekonda, ana kifua kikuu. Aliyewahi kuwapokea wagonjwa kama yeye ana haki ya kushtuka akisikia neno "tiba". Tena dawa zilizopo zinafanya kazi kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta kwamba kati ya kila watu wazima 100 wanaotumia dawa, takriban 94 virusi vyao vimefubazwa. Na ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa hiyo, wanasema, fedha na nguvu ziende kwenye kukifikisha kidonge, na mambo ya kuponya yabaki maabara.

Hoja hiyo naiheshimu, lakini inamchukulia mgonjwa kama mtoto anayefichwa habari asije akalia. Kiswahili hakikumficha: dawa hizi tunaziita za kufubaza, hatukuziita za kuua. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye na kumweleza kwa nini haziui.

Kirusi kikishaingia kwenye seli ya CD4, askari wa kinga ya mwili, hujipachika ndani ya vinasaba vyake. Seli nyingi za namna hiyo hufa mapema, lakini chache huingia usingizini. Hizo ni seli za kumbukumbu, zilezile zinazoufanya mwili uukumbuke ugonjwa uliowahi kuupata utotoni. Zimeumbwa kudumu, na kirusi hulala humo; hayo ndiyo maficho yake. Dawa zetu huzuia kirusi kujizalisha, sasa kilicholala hakijizalishi, dawa itashika wapi? Mtu akiacha dawa, kwa wengi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache.

Hapo ndipo kuna hesabu isiyonitoka kichwani. Mwaka 2003 timu ya Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilikadiria kwamba maficho haya hupungua kwa nusu kila miezi 44. Chukua seli milioni moja zenye kirusi kilicholala, ugawe kwa mbili, na tena kwa mbili. Utagawa mara 20 kabla ya kufikia seli ya mwisho, na miezi 44 mara 20 ni zaidi ya miaka 73 ya kumeza dawa bila kuruka. Na tangu hapo imejulikana kwamba baadhi ya seli hizo hujigawa zenyewe, zikabeba kirusi mle mle, kwa hiyo hata miaka hiyo haina uhakika.

Nilimfanyia mama hesabu hiyo kwenye karatasi. Alianza dawa 2009 akiwa na miaka 31, kwa hiyo hata kama asingeruka, angefika 104. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Mdogo wangu, na hao wanaoyatafuta hayo maficho wamefika wapi?"

Sikumpamba. Timothy Ray Brown alipona baada ya kupandikizwa uboho Berlin mwaka 2007 na 2008, na baada yake wamefuata wengine wachache. Wengi wao walikuwa na saratani ya damu, na upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Brown alipewa seli zenye badiliko la vinasaba linalokinyima kirusi mlango, na badiliko hilo ni nadra mno Afrika. Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na virusi, alianzishiwa dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa, baadaye akakaa zaidi ya miaka miwili bila dawa wala virusi kuonekana, watu wakashangilia. Mwaka 2014 vikarudi. Dawa za kukiamsha kirusi ili seli yake iuawe zimejaribiwa. Zilikiamsha, lakini maficho hayakupungua.

Kwa hiyo tiba haipo leo, na anayesema ipo anadanganya. Hata hivyo sikubali kwamba kuitafuta ni anasa. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wenye kadi za CTC, kliniki za VVU, walianza kuhesabu vidonge vilivyobaki nyumbani. Wanaosema tulinde kidonge kwanza huitumia habari hiyo kama hoja yao, nami naiona upande wa pili: uhai unaotegemea kidonge cha kila siku kwa miaka 73, na bajeti ya nchi nyingine, unahitaji njia ya kutokea. Tena utafiti mwingi wa maficho umefanyika kwa kirusi cha aina B, cha Ulaya na Marekani, wakati Tanzania zinazotawala ni A, C na D. Tukisubiri wamalize wenyewe, watatafuta maficho ya kirusi chao.

Mama aliikunja ile karatasi akaiweka mkobani, pembeni ya kichupa. Kliniki yake ni Alhamisi. Alisema ataenda nayo, amwombe sista aisome mbele ya wenzake wote pale kwenye benchi.