Leso ya damu ya mzee na kioo cha laptopu

Dada yangu huuza leso. Hana duka. Hununua Biashara Street, Mombasa, akazitandaza barazani asubuhi kabla jua halijawa kali, akazipiga picha kwa simu, akazirekebisha rangi kwenye laptopu ndipo akazituma kwa wateja. Mwishoni mwa mwaka jana tulinunua laptopu mbili siku moja, duka moja karibu na Digo Road, modeli moja, mtumba wa Uingereza zote mbili. Moja yake, moja yangu. Shilingi 24,000 kila moja, pamoja na begi la bure ambalo zipu yake haikuiona Ramadhani.

Wiki ya tatu mteja akarudisha leso. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: kwenye picha aliona nyekundu ya kuwaka, iliyomfikia ni damu ya mzee. Dada akaapa kwamba picha aliyotuma ilikuwa damu ya mzee. Tukaziweka laptopu mbili bega kwa bega, tukafungua picha ileile ambayo hajaigusa. Kwangu ilikuwa damu ya mzee, sawa na nguo iliyokuwa mapajani mwake. Kwake ilikuwa kahawia iliyopauka, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Kumbe maskini alikuwa akiongeza wekundu mpaka kioo chake kikubali kufanana na nguo, na simu ya mteja, ambayo haina kasoro hiyo, ikamwonyesha moto.

Fundi wetu, kijana wa Majengo asiyependa maneno mengi, akafungua Device Manager, orodha ya vifaa vilivyomo kwenye kompyuta, akaenda kwenye monita, ambako Windows huandika tu "Generic PnP Monitor" kana kwamba dunia nzima ina kioo kimoja. Akaingia ndani zaidi, kwenye Hardware Ids. Pale kulikuwa na herufi tatu na namba fupi. Kwenye laptopu ya pili, herufi nyingine na namba nyingine. "Kaka, hizi si pacha," akasema. "Ni nguo moja tu zimevaa."

Hapo ndipo nina neno. Sisi hununua laptopu kama tununuavyo gari la mtumba: tunauliza injini. Prosesa gani, RAM ngapi, SSD au diski ya zamani, betri yakaa saa ngapi. Kioo tunakiulizia kitu kimoja: kina mstari? Kama hakina mstari, basi ni kizima, lete risiti. Nacho ndicho kitu pekee cha mashine ile utakachokitazama kutwa.

Jina lililoandikwa kwenye kifuniko si la aliyetengeneza kioo. Viwanda vya paneli, yaani kioo chenyewe, vinavyojulikana ni vichache: LG Display na Samsung Display za Korea Kusini, AU Optronics na Innolux za Taiwan, BOE ya China, na Sharp ya Japani, ambayo tangu 2016 iko mikononi mwa Foxconn. Lenovo, Dell na HP huenda kununua sokoni humohumo, na modeli moja yaweza kupata vioo kutoka viwanda viwili au vitatu, ili kimoja kikichelewesha mzigo kazi isilale, na bei nayo isipande. Tangazo huandika "inchi 14, Full HD, IPS" likanyamaza.

Zile herufi tatu za fundi ni kifupi cha jina la kiwanda, na nyingi hujisema zenyewe: LGD, AUO, BOE, SDC, SHP. Inayowapotosha watu ni CMN. Hiyo ni Innolux. Kampuni ya Chi Mei iliungana nayo mwaka 2010, na kufikia 2012 jina Chi Mei likaondolewa, ila herufi zake zimebaki ndani ya vioo mpaka leo, kama duka ambalo mjukuu ndiye anayeliendesha na bango bado ni la babu.

Wanaojifunza mambo haya huruka haraka upande wa pili. Utawasikia: LG ndiyo kioo, BOE ni cha Mchina, usinipe. Siafiki kabisa. Chukua ThinkPad X230, ambayo wengi hapa tuliipitia. Ilikuja na vioo vya inchi 12.5, pikseli 1366 kwa 768, na LG hiyohiyo ilitoa LP125WH2-TLB1 na LP125WH2-SLB1. Tofauti ni herufi moja baada ya kistari: T ni TN, S ni IPS, aina mbili za kioo. Cha kwanza ukikitazama kutoka chini nyuso za watu hugeuka masizi. Cha pili unaweza kukitazama na watu watatu kwenye mkeka na kila mtu akaona filamu moja. Kiwanda kimoja hicho. Kwa BOE, NT mwanzoni mwa namba huwa ni TN, na NV ni jamaa wa IPS. Kwa AU Optronics, B156HTN ni TN na B156HAN ni jamaa wa IPS, na 156 ni inchi 15.6. Kwa hiyo jina la kiwanda peke yake halinitoshi. Nataka namba nzima, na hiyo huandikwa kwenye stika mgongoni mwa paneli, au huonyeshwa na programu kama HWiNFO bila kufungua skrubu hata moja.

Na hata IPS yenyewe isikulaze. Kioo cha dada ni IPS! Ukikiinamisha hakigeuki. Tatizo lake ni upana wa rangi, yaani rangi zinazoweza kuonekana ndani yake. Viwanda hupima rangi kwa kulinganisha na NTSC, kipimo cha televisheni za rangi za Marekani cha mwaka 1953, na vioo vya bei rahisi hufika asilimia 45 hivi. Vizuri hufika 72, kiasi kinachokaribiana na sRGB, ambayo ndiyo picha nyingi za intaneti hutengenezewa. Kwenye 45, nyekundu ndiyo huumia kuliko zote. Muuza leso za Mombasa bila nyekundu atauza nini?

Jambo la mwangaza nitalipitia upesi. Kioo cha niti 220, niti ikiwa ndiyo kipimo cha mwangaza, kinatosha ofisini Moi Avenue ndani ya feni na pazia. Kilete barazani saa nne asubuhi uone kama utasoma kitu zaidi ya sura yako mwenyewe. Niti 300 ndiyo naanza kuongea.

Muuzaji akikataa kukuonyesha namba, usigombane naye. Inamisha kifuniko nyuma, kisha kitazame kutoka chini. Fungua ukurasa mweupe utafute madoa, na mweusi utafute mwanga unaovuja pembeni. Punguza mwangaza mpaka nusu, kisha kitazame kupitia kamera ya simu. Mistari minene inayotembea huenda ikawa taa ya ndani inazimika na kuwaka, na wako ambao macho huwauma kwa hilo. Kisha beba mashine mpaka mlangoni kwenye jua. Na usiende mikono mitupu: chukua leso, kitambaa, chochote chenye rangi unayoijua, na picha yake kwenye flashi.

Dada alipotaka kioo kipya, fundi alimuuliza inchi ngapi na pini ngapi. Hiyo ya pini ni muhimu. Laptopu za kabla ya 2013 hivi nyingi huunganisha kioo kwa njia iitwayo LVDS, ya pini 40, zilizofuata hutumia nyingine iitwayo eDP, kwa kawaida pini 30, lakini kuna eDP za pini 40 pia, na kukosea hapo ni hasara. Vilevile ukitoka kioo cha pikseli 1366 kwenda cha 1920, yaani Full HD, huenda waya uliomo ukawa na njia moja ya data, na Full HD huhitaji mbili.

Zetu zote mbili zilikuwa pini 30, skrubu zilezile. Fundi akatoa ya kwangu akampa dada, ya dada akanipa mimi. Nusu saa, na kikombe cha kahawa. Sasa naandika haya kwenye kioo cha 45. Jirani aliyekuwa akitutazama akauliza kwa nini hatukubadilishana laptopu tu. Kwa sababu betri yangu haimalizi saa moja, na dada si mjinga.