Palizi au matandazo: hesabu ya ndoo 25

Anayeanza bustani ya permakalcha, yaani kilimo kinachoiga mwenendo wa maumbile, hupewa jina kabla hata mchicha wake haujaota: mvivu. Kwa mkulima aliyekua na jembe mkononi, shamba safi ni udongo mtupu, na nyasi kavu zilizotandazwa juu ya tuta ni uchafu uliokosa mtu wa kuufagia.

Lakini wanaotandaza hawasemi magugu yaachwe. Hoja yao ni kwamba jembe lenyewe hupanda magugu. Mche mmoja wa kishona nguo unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, na mbegu nyingi za magugu ya aina hiyo hulala ardhini zikingoja mwanga. Udongo ukigeuzwa, za chini zinaibuka. Ndiyo maana shamba lililopaliliwa Jumamosi, mvua ikinyesha, wiki ya pili limeshakuwa kijani tena. Funika udongo huo, na sehemu kubwa ya mbegu hizo haziamki.

Tatizo ni kipimo. Tuta la mita 1 kwa mita 5, likitandazwa kwa unene wa sentimita 10, linameza lita 500 za nyasi: ndoo 25 za lita 20. Kwa tuta moja! Wengi humwaga ndoo sita na kuridhika. Hizo zinatoa sentimita mbili na ushei. Mwanga unapenya, unyevu unabaki, na hapo umeyatengenezea magugu kitalu. Kisha hujilaumu, au huilaumu permakalcha. Hata ndoo 25 zenyewe hunywea kadiri nyasi zinavyolala na kuoza, kwa hiyo lazima kuongeza. Asiyejua ndoo hizo zitatoka wapi aanze na tuta moja, si manne.

Hapa wenye jembe wana haki ya kucheka. Palipo na ng'ombe, mabua ya mahindi ni chakula, si matandazo. Mchwa nao hula, na konokono hupata maficho. Jembe halidai nyasi za mtu.

Kwa mwenye malighafi, kazi ni hii: fyeka magugu hadi chini, mwagilia udongo uloe, tandika maboksi yaliyobanduliwa selotepu, yapandane sentimita 15, yaloweshe, kisha weka nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu. Toboa tundu, panda mche, acha upana wa vidole vitatu kuzunguka shina. Nyasi mbichi zikilibana, shina linaoza.

Ndago haijali lolote kati ya hayo. Ncha yake hutoboa boksi lililolainika, na jembe ndilo baya zaidi: linakata mnyororo wa vinundu vyake ardhini, na vilivyokuwa vimelala vinachipua kila kimoja kivyake. Ngoja udongo uwe na unyevu, inua kwa uma wa bustani, fuata uzi hadi kwenye kinundu. Rudi kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu mche ukiachwa wiki nne hadi sita huanza kuunda vinundu vipya. Vianike juani vikauke kabisa, usivitie kwenye mboji. Baadaye panda viazi vitamu hapo. Ndago haipendi kivuli.

Na si kila kinachoota bila kupandwa ni adui. Mtu hung'oa mgagani na mnavu asubuhi, jioni ananunua fungu lake sokoni.

Kwenye karoti na vitunguu, hata hivyo, palizi inashinda bila ubishi. Mbegu za karoti haziwezi kupenya matandazo mazito, na majani membamba ya kitunguu hayatoi kivuli cha kuzuia chochote. Matuta hayo hupaliliwa kwa mkono tangu miche ikiwa midogo, na nyasi huingia kati ya mistari, chache chache, karoti zikishafika urefu wa kiganja.