Divai ya Morgon si kazi ya mvivu

Wapo wanaodai kwamba divai ya asili, yaani ile inayotengenezwa kwa kemikali chache, ni kisingizio cha uvivu: mtu anaziacha zabibu zijichachukie, kinatoka kitu chenye harufu ya siki, kisha anakiuza ghali. Divai za namna hiyo zipo kweli. Ila Morgon, divai nyekundu ya Mfaransa Marcel Lapierre, inawakatalia.

Lapierre alikabidhiwa mashamba ya familia mwaka 1973, kijijini Villié-Morgon, katika eneo la Beaujolais, Ufaransa. Miaka hiyo Beaujolais ilivuma kwa divai changa inayofunguliwa kila Novemba, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sukari iliongezwa kupandisha kileo, hamira za kiwandani zikatumika, salfa ikatiwa kwa wingi ili mzigo usiharibike. Na zabibu ya huko, Gamay, ilishadharauliwa tangu zamani. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa eneo jirani la Bourgogne, aliamuru ing'olewe.

Aliyemgeuza Lapierre ni Jules Chauvet, mfanyabiashara wa divai aliyekuwa pia mkemia. Hili napenda watu walishike: njia ya divai ya asili ilifunguliwa na mwanasayansi aliyechunguza hamira kwa makini. Salfa inayoua vijidudu wabaya huwadhoofisha pia hamira wa asili wanaokuja na zabibu kutoka shambani. Ukitaka hao wakufanyie kazi, ni lazima zabibu ziingie zikiwa safi na nzima.

Hapo ndipo jasho lilipo. Shambani hakuna dawa ya kuua magugu, kwa hiyo kuna palizi. Mavuno yanasubiri zabibu ziive hasa, kwa sababu sukari haitaongezwa, na kila siku ya kusubiri ni hatari ya mvua na uozo. Kisha vichala vinachambuliwa kimoja kimoja. Kilichooza kikipita, tangi zima linaweza kuharibika. Vinavyobaki vinaingia tangini vizima, pamoja na vikonyo vyake. Vya chini vinapondeka kwa uzito wa vya juu na kuanza kuchachuka, hewa ya ukaa inajaa, na punje zilizo nzima zinaanza kubadilika zikiwa bado ndani ya maganda yao.

Matokeo yake ni divai laini, yenye harufu ya cheri na maua, ukakasi kidogo tu, na uchachu safi unaokufanya utamani chakula. Mimi huinywa ikiwa na ubaridi kiasi, na kuku wa kuchoma.

Lapierre alifariki mwaka 2010, na watoto wake wanaendelea. Wanatoa chupa zisizo na salfa na nyingine zenye salfa kidogo, na sioni unafiki wowote hapo: isiyo na salfa inahitaji kutunzwa kwenye ubaridi muda wote, na si kila safari ya chupa ina uhakika huo.

Kwa hiyo muuzaji akikumiminia divai inayonuka siki na kukwambia ndiyo tabia ya divai ya asili, irudishe. Aliyeitengeneza alipunguza kemikali bila kuongeza kazi, na bei yake haistahili kulipwa.