Mwalimu wa lugha aliyeomba cheo kidogo

Hapa Mwanza kijana akisema anasoma lugha chuoni, anaulizwa zitamsaidia nini. Jibu langu ni Joshua Lawrence Chamberlain, mwalimu wa Marekani aliyegeuka askari. Wengi humsifu kwa dakika chache za kushambulia kilimani kwa singe, yaani visu vya mdomoni mwa bunduki, lakini kwangu jambo kubwa alilifanya karibu mwaka mzima kabla ya hapo: alipewa cheo, akakikataa.

Alikuwa profesa wa balagha (ufundi wa kusema na kuandika) na lugha za Ulaya katika Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vikiwa vimepamba moto, chuo kilimpa likizo ya miaka miwili akasome Ulaya. Akaenda katika jeshi la Kaskazini, ana miaka 33, hajawahi kufundishwa kazi ya uaskari. Gavana alitaka kumpa ukanali. Akaomba awe luteni kanali kwanza, ajifunze. Mkuu wake akawa Adelbert Ames, mhitimu wa West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, na jioni profesa aligeuka mwanafunzi wa Ames, akizisoma amri za vita kama mtu anayesoma sarufi ya lugha ngeni.

Mwaka 1863, alipokuwa amekabidhiwa rejimenti ya 20 ya Maine, aliletewa askari 120 wa rejimenti nyingine ya Maine waliogoma kupigana, wana njaa, chini ya ulinzi. Alikuwa na ruhusa ya kuwapiga risasi. Akawalisha kwanza, akasikiliza malalamiko yao, akawagawa katika kombania zake, yaani vikosi vidogo vya rejimenti. Karibu wote walishika bunduki. Bila wao kikosi chake cha watu kama 386 kingepungua kwa karibu theluthi moja.

Julai 2, 1863, huko Gettysburg, aliwekwa mwisho kabisa wa mstari, ubavu wa kushoto, kwenye kilima cha Little Round Top. Anayezifahamu njia za Igogo, hapa Mwanza, zinazopenya katikati ya mawe makubwa ataelewa: mawe yanakuficha, lakini yanamficha na adui anayekuzunguka. Rejimenti ya 15 ya Alabama, ya jeshi la Kusini, ilipoanza kuzunguka, Chamberlain aliwasogeza askari pembeni huku wakiendelea kufyatua. Mstari ukawa mwembamba, mrefu maradufu, nusu yake imekunjwa nyuma kama mkono, bendera ikiwa kwenye kiwiko.

Risasi zilikuwa 60 kwa kila mtu. Bunduki zile zilishindiliwa kwa mdomo kama gobore: ng'ata karatasi, mimina baruti, sukuma risasi kwa mdeki, weka fataki. Askari hodari hupiga tatu kwa dakika, kwa hiyo 60 ni dakika 20 tu akifyatua mfululizo. Isitoshe, masizi ya baruti huganda ndani ya mtutu, risasi ikawa ngumu kushuka. Mapigano yalichukua zaidi ya saa moja. Walipokwisha kupekua mikoba ya wafu, ilibaki singe. Ubavu wa kushoto ukateremka ukizunguka kama mlango kwenye bawaba, na kombania B, iliyojificha nyuma ya ukuta wa mawe, ikawapiga adui kwa nyuma.

Tuseme ukweli wote. Luteni Holman Melcher alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruka mbele. William Oates, kanali wa Alabama, alisema baadaye kwamba alikwisha kuamua kurudi nyuma. Watu wake walikuwa na kiu kali baada ya mwendo mrefu, na 22 aliowatuma kuteka maji walitekwa. Hayo hayampunguzii Chamberlain chochote. Mstari usingekunjwa mapema, pasingekuwa na wa kuruka.

Juni 1864, huko Petersburg, risasi ilimpenya nyonga hadi nyonga. Jeraha hilo lilimtesa hadi kifo chake mwaka 1914. Kuanzia 1871 aliongoza Bowdoin, akaingiza gwaride la kijeshi. Mwaka 1874 wanafunzi wakaligomea. Safari hii hakuanza kwa kusikiliza: aliwarudisha makwao na kuwatishia kuwafukuza. Karibu wote walirudi, lakini gwaride lilikufa baadaye kwa kukosa wa kulipenda.