Simu imeingia maji, michango imezaa

Ukipewa kushika michango ya harusi, ujue umekabidhiwa na lawama zake humo humo. Mie nilipewa kwa sababu nakaa mjini, nina simu kubwa, na Shangazi aliamini kwamba mtu wa kazi ya ofisini hawezi kula pesa za watu. Mnacheka nini?

Harusi yenyewe ilikuwa Tumbatu. Wengine walituma kwa simu, wengine walinipa mkononi nikazipeleka kwa wakala zikaingia kwenye laini, na kila mtu nilimwandika humo humo simuni, jina na kiasi: huyu elfu kumi, huyu elfu ishirini, yule ameahidi. Daftari la nini? Muuzaji aliyeniuzia simu ile aliniapia kwamba haiingii maji, akanionyesha na boksi limeandikwa IP68. Mita moja na nusu, nusu saa nzima, haina wasiwasi. Nikatoka pale dukani natamani mvua inyeshe.

Siku ya kuvuka tulifika Mkokotoni maji yametoka. Anayepajua anaelewa: boti iko kule, weye uko huku, na katikati kuna matope, majani ya bahari na maji ya magotini. Tulikuwa na mapolo ya mchele wa mapembe, madumu ya mafuta, vikapu vya viungo, na Ami yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mzigo mzito kuliko yote, maana habebi kitu na anaamrisha kila kitu. Kanzu nimeipandisha nimeifunga kiunoni, simu iko mfuko wa kifuani. Shangazi akaniita nimpokee mkoba. Nikainama.

Chubwi!

Nikaichupia. Natoa mkono majini, simu inawaka! Kioo kinang'aa, hata ujumbe wa mwisho wa wakala nauona. Nikainyanyua juu watu wote waione, nikamsifu muuzaji wangu na wazazi wake waliomzaa. Mzee mmoja aliyekuwa anashughulika na mashine ya boti, nahodha mwenyewe, akaniangalia bila ya kuinuka.

"Izime," akasema. "Toa laini, kisha uioshe maji baridi." Akanionyesha kwa kidevu dumu lake la maji ya kunywa.

Boti nzima ikacheka. Ami ndiye aliyecheka zaidi. "Yakhe, mtu kazama baharini, kaokolewa, weye unamwambia akatiwe kisimani?"

Mzee hakukasirika. "Mashine hii kila ikitoka baharini naisukutua kwa maji baridi. Maji yatakauka, chumvi haikauki ikaenda zake. Inabaki mle mle inakula." Akarudi kwenye kazi yake.

Nani wa kumsikiliza? Ami alikwishatoa amri: nimpigie yeye, tujue kama simu nzima. Nikampigia. Ikaita! Ami akapokea, tukasalimiana kwa simu tumekaa ubao mmoja, magoti yanagusana. "Hujambo mwanangu?" "Shikamoo Ami." "Marahaba, wanisikia vizuri?" Namsikia, vipi nisimsikie, mate yake yananifika usoni. Hatujamaliza kuulizana hali, kioo kikachora mistari ya kijani, kikatetemeka, kikazima. Nikabonyeza, kimya. Nikapuliza, kimya. Mama mmoja akaisomea, kimya.

Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema itikiswe, mwengine akasema iwekwe juani juu ya ubao, na yule anayetikisa na anayetaka juani wakaanza kuzozana wao kwa wao. Lakini rai iliyoshinda, na mnaijua, ni mchele. Na mchele tunao, mapolo mazima. Shangazi akapinga kwamba ule ni mchele wa wageni, haukuletwa kunyonya bahari, lakini Ami akafungua mdomo wa polo moja, akaidumbukiza simu mpaka kwenye kiwiko, akafunga. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliandika kuwaasa watu wasitie simu zao kwenye mchele, maana chembechembe zake zinaweza kuiharibu zaidi. Sisi tulikuwa na Ami.

Tulipofika ng'ambo vijana waliipokea mizigo pwani mbio mbio, maana pilau ya watu haingoji. Mie nikabaki nasukutua miguu. Kuingia uani, mapolo hayapo. Yameshafunguliwa, mchele umeshagawiwa, na akina mama wamekaa mviringo kila mmoja na ungo wake wanachambua na kuimba. Nikasimama mlangoni, mwanamme peke yangu, nauliza kwa adabu kama kuna aliyekutana na simu. Bibi mmoja wa makamo, macho yake si mazuri sana, akaokota kitu unguni mwake, akakipima mkononi, akakirusha pembeni pamoja na vijiwe.

"Jamani, mchele wa siku hizi una mawe makubwa."

Basi. Simu imepatikana, imejaa vumbi jeupe, na tundu la chaji limekamata punje moja iliyovimba. Bado haiwaki. Lakini laini ndiyo yenye pesa, siyo simu, kwa hiyo tuliitafuta njia ya kuitoa. Kile kijisindano chake kilibaki nyumbani kwenye boksi. Tukajaribu msumari, tukajaribu mwiba wa samaki, mpaka mtoto mmoja wa kike akachomoa pini ya ushungi wa mama yake, ile yenye lulu kichwani, akaitia tundu pale, kijidroo kikatoka. Laini ilikuwa ndogo na kitochi kilichokuwepo pale kinataka laini kubwa, tukaishikiza kwa selotepu, tukaomba dua, ikashika mtandao. Nikaangalia salio: 640,000. Zipo zote! Nikashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema Shangazi. "Sasa tusomee orodha."

Orodha imo kwenye simu iliyokufa.

Msiba haukuwa kule kwenye maji ya magotini, ulikuwa hapa. Habari kwamba orodha haipo ilizunguka nyumba kabla chai haijapoa, na tangu wakati ule michango ikaanza kuzaa. Mtu niliyekumbuka wazi kwamba alinipa elfu kumi, akinihesabia noti moja moja kwa uchungu, akasimama akasema alitoa elfu hamsini. Binamu yangu elfu hamsini. Mkewe elfu hamsini, mbali na ya mumewe. Jirani ambaye sikumbuki hata kama nilimwomba, elfu thelathini na mbuzi. Ami akakohoa, akatengeza kofia, akasema yeye hapendi kujitangaza, lakini kwa vile tumefika huko, alitoa laki moja.

Shangazi anajumlisha kichwani, na hajawahi kukosea maishani mwake. Milioni moja na elfu themanini. Akaangalia kitochi, akaniangalia mie.

"Mwanangu, nikuulize. Simu imeingia maji, au pesa zimeingia tumboni?"

Laki nne na elfu arubaini ndizo nilizotakiwa kuzitapika kabla ya harusi. Ami, kwa kunionea huruma, akanipokonya simu akaitia chaji. Nikiiwahi imeshapata moto mgongoni, nikaichomoa. Usiku ule sikulala, nawasikia watu wananitaja katikati ya nyimbo.

Alfajiri nikarudi na boti ya kwanza. Nahodha ni yule yule.

"Uliiosha?"

"Tuliitia mcheleni."

Akatikisa kichwa, akavuta kamba ya mashine.

Fundi wangu yuko Darajani, kibanda chake kinamtosha yeye na kiti kimoja cha mgonjwa. Aliipasha moto mgongoni, akaifungua kifuniko, akanigeuzia nione. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi kwenye vile visehemu vidogo, na pembeni ya tundu la chaji shaba imeota kijani. Akanionyesha na kikaratasi kidogo ambacho kinatoka kiwandani cheupe, kikilowa kinageuka chekundu. Changu kilikuwa chekundu kuliko hina ya bibi harusi. "Huyu ndiye shahidi wao," akasema. "Ukidai gwaranti wanamwangalia huyu kwanza." Nikamtajia ile IP68. Akacheka: kipimo kile wanakifanya kwa maji baridi. Bahari ni habari nyengine, chumvi inapitisha umeme, na simu ikiwa inawaka umeme wenyewe ndio unaoila shaba. Kila dakika inayowaka inazidi kuliwa.

"Uliizima hapo hapo?"

Sikumjibu. Ami na salamu zake.

"Na nani aliitia chaji?"

Nalo hilo nikalinyamazia. Akaitoa ile punje kwa kibanio, akaiweka mezani mbele yangu. Kisha akachovya mswaki kwenye spiriti, akaanza kusugua pole pole, anapuliza, anasugua tena. Akabadilisha betri na sistimu ya chaji. "Ingeoshwa maji baridi pale pale, imezimwa, leo ningekutoza pesa ya spiriti na soda," akasema. Aliyonitoza siitaji, mke wangu anasoma hapa.

Karibu na adhuhuri akaibonyeza. Ikatetemeka, ikawaka. Spika inatoa sauti ya mtu mwenye mafua mpaka leo, lakini orodha ipo! Nikajumlisha pale pale juu ya meza ya fundi: 640,000, haikuzidi wala haikupungua. Elfu kumi ya yule bwana ipo. Binamu elfu tano. Mkewe hayumo. Jirani hayumo, wala mbuzi hayumo. Na mstari wa Ami: "Ameahidi."

Sikuandika neno. Nikaipiga picha orodha, nikaituma kwenye kundi la harusi. Tiki za buluu zikajaa, hakuna anayeandika. Binamu akaandika kitu akakifuta. Shangazi akatuma kidole gumba kimoja, na kwa Shangazi hiyo ni hotuba.

Kisha ikaingia sauti ya Ami, ndefu, na jogoo nyuma yake. Akanipa pole ya safari, akaniombea dua, akamsifu fundi kwa kazi nzuri. Mwisho akawaambia watu wa kundi:

"Lakini jamani tuwe waangalifu. Simu ile imekunywa maji ya bahari, maneno yake si ya kutegemea."