Kusemwa na Ukuta

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kilichonileta Mumbai si biashara wala matembezi, bali ni moyo wa mjomba wangu, ambao madaktari wa nyumbani waliusikiliza, wakatazamana, kisha wakatuandikia barua ya kuja kufanyiwa upasuaji huku. Tumepanga chumba Parel, mtaa wenye hospitali nyingi, na kwa kuwa mgonjwa akishalazwa msindikizaji hana kazi nyingine isipokuwa kungoja saa ya kuona wagonjwa, hii ni wiki ya tano ninazurura nikisoma kuta. Sijapata kuishi katika mji ambao ukuta una amri nyingi kiasi hiki. Usibandike matangazo. Usitupe taka. Usiegeshe gari mbele ya geti, la sivyo tutalitoa upepo. Gari lenyewe sina, lakini siku ya kwanza nilijikuta nasogeza mguu.

Nikakimbilia treni ya mjini nikidhani humo nitapumzika, kumbe humo nako kuna vibandiko vya Baba Bangali, bingwa wa kurudisha mpenzi aliyekimbia, kukupatia kazi na kumnyamazisha adui. Huyu bwana ninamfahamu. Kwetu hubandikwa kwenye nguzo za umeme akijiita mganga kutoka Sumbawanga, na mimi nimevuka bahari nzima ya Hindi ili nikute amebadilisha jina na nauli. Tofauti ni kwamba katika treni ya Mumbai, saa za watu kwenda kazini, abiria wamebanana hivi kwamba hata anayetaka kunakili namba yake ya simu hawezi kuinua mkono.

Malori nayo yanasema. Nyuma yake mafundi huchora maua, tai na maneno yanayomwomba dereva wa nyuma apige honi. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Maharashtra iliyapiga marufuku maneno hayo kwa sababu yanachochea kelele, nami niliyahesabu kwenye migongo ya malori matatu kabla sijamaliza kating, yaani ile chai ya nusu glasi ambayo hapa huwezi kuikwepa. Honi zenyewe bado hazijapata taarifa. Lipo pia lori linalomwambia mwenye jicho la husuda kwamba uso wake na uwe mweusi. Nilipotafsiriwa nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki, nikaona kwamba kwangu mimi laana hiyo imechelewa.

Lakini penye sifa nitoe sifa. Tambuu hapa inatafunwa kuliko Unguja na Mombasa zikiwekwa pamoja, na mate yake mekundu hutua kwenye kona za ngazi na pembe za majengo, mahali palepale ambapo wanaume wengine husimama wakajisaidia. Kwetu mwenye nyumba angeandika «Usikojoe hapa, faini 50,000», ingawa tangu nipate akili sijamwona mtu aliyelipa wala aliyelipwa. Mwenye nyumba wa Mumbai yeye hupachika vigae kwenye usawa wa magoti: kigae cha Ganesh, kigae cha Shiva, kigae cha msalaba, kigae chenye picha ya Makka, ili kila mwenye kibofu kilichojaa akute dini yake inamtazama. Siku moja nilibanwa sana, nikafuata ukuta mmoja hatua kama hamsini nikitafuta mwanya usio na mtakatifu, nikaukosa. Nikaishia choo cha kulipia, ambako mlinzi alikuwa hana chenji ya noti ya rupia mia tano, na mimi nilikuwa sina muda wa kumngoja aitafute. Zile ni rupia ghali kuliko zote nilizotumia India, ukiondoa za moyo.

Kuta za kupendeza pia zipo, sikatai. Barabara ya Tulsi Pipe, ambayo jina lake rasmi ni Senapati Bapat, ina ukuta mrefu kando ya reli ambao mwaka 2009 wananchi waliruhusiwa kuupaka michoro wanayoitaka. Kule Bandra, kwenye Chapel Road, msanii Ranjit Dahiya alimchora Anarkali wa sinema, yule yule wa kizazi cha mama zetu waliokuwa wakilia ukumbini bila kuelewa neno hata moja. Vijana husimama hapo wakipigana picha, nami wivu ukanishika.

Nikaamua na mimi nipate yangu, tena karibu na chumbani kuepuka nauli. Nilikuwa nimeshauona ukuta wenye mwandiko wa kupendeza kuliko yote, herufi za buluu zinazoning'inia kwenye mstari wao kama nguo zilizoanikwa kambani, na pembeni mshale mwekundu. Nikamkabidhi simu kijana muuza chai. Kijana alicheka sana, nikasema moyoni kwamba watu wa hapa ni wakarimu. Akanisogeza kidogo kulia ili mshale uonekane vizuri, akacheka tena, akapiga picha nne. Nikaituma iliyo nzuri zaidi kwenye kundi la ukoo, nikaandika chini yake: «Mumbai imenipokea». Shangazi wakaweka maua. Mama, kwa fahari, akaichukua simu mpaka dukani kwa jirani yetu Mhindi, ambaye kwao ni Ngamiani kama sisi ila Kihindi anakisoma.

Jioni mama akapiga simu. «Mwanangu, mwenye duka ameketi chini kwa kucheka. Anasema hapo nyuma yako pameandikwa: Tazameni, punda anakojoa.»

Nilimweleza mjomba nikitegemea pole. Mjomba, ambaye amekatazwa kucheka kwa nguvu mpaka kidonda cha kifua kifunge, aliitazama ile picha, akaufuata mshale kwa kidole mpaka kwenye shati langu, akakumbatia mto kifuani kama manesi walivyomfundisha, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipopata pumzi akaniambia: «Mjomba, nitumie na mimi.»