Vifaa au Kufuli: Usalama Mapangoni Uanzie Wapi?

Kila ajali mbaya inapotokea pangoni, mjadala uleule huibuka: je, mamlaka zifunge mapango na kudai vibali, au ziwaache watu wazima waingie kwa ridhaa yao, kila mmoja akibeba dhamana ya maisha yake? Katika Afrika Mashariki wageni huingia mapango ya chokaa ya Amboni karibu na Tanga, na wengine hushuka katika mapango ya lava, yaani mwamba uliotokana na uji wa volkano, ya Mlima Suswa nchini Kenya, lakini swali hili bado halijapewa uzito unaostahili. Ni heri tulijadili sasa, kwa utulivu, maana kanuni zinazoandikwa mara baada ya mazishi huandikwa kwa hofu, na hofu hufunga hata kisichohitaji kufungwa.

Mfano unaotajwa na pande zote mbili ni pango la Nutty Putty katika jimbo la Utah, Marekani. Njia zake zilikuwa nyembamba mno, na vijana walilipendea hilohilo. Baada ya watu kadhaa kunasa na kuokolewa kwa taabu, pango lilifungwa mwaka 2006, kisha likafunguliwa tena mwaka 2009 kwa utaratibu mpya wa vibali. Mwezi Novemba mwaka huohuo, kijana wa miaka 26 alijipenyeza, kichwa kikiwa mbele, katika upenyo ambao haukuwa njia aliyodhani anaifuata, akanasa kichwa chini miguu juu. Waokoaji walihangaika naye kwa zaidi ya saa 24. Walifunga kamba na kapi (magurudumu ya kupitishia kamba) kadhaa ili kumvuta, na akaanza kusogea, lakini kapi moja iling'oka kwenye mwamba uliokuwa umeishikilia, kamba ikalegea, naye akarudi alipokuwa. Alifia humo, na pango likazibwa kwa zege.

Wanaotaka mapango yafungwe husema kwamba kibali kilikuwepo na bado mtu alikufa. Wanaopinga hujibu kwamba maelfu waliingia humo kwa miaka mingi wakatoka salama, na kwamba pango zima limepotea kwa ajili ya upenyo mmoja. Kila upande una ukweli wake, ila naona wote wanatazama mlango wa pango kuliko kinachofanyika ndani. Kibali hujibu nani anaingia na lini. Hakimwambii mtu ageuke pale njia inapoanza kumbana, wala hakielezi namna ya kupima mwamba kabla ya kuuamini na uzito wa binadamu.

Pango la Tham Luang nchini Thailand linaonyesha udhaifu mwingine wa kanuni za mlangoni. Palikuwa na kibao kilichoonya kwamba pango hufurika tangu Julai hadi Novemba. Vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia tarehe 23 Juni 2018, yaani kabla ya muda uliotajwa, mvua ikawahi, na maji yakawafungia ndani. Walitolewa wote wakiwa hai kufikia tarehe 10 Julai, lakini mzamiaji Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, alipoteza maisha katika kazi hiyo. Kibao kiliweka tarehe, ilhali mvua haifuati kalenda. Kanuni ya maana ingetaka mawingu na utabiri wa siku hiyo vitazamwe kabla ya mtu yeyote kuvuka sehemu inayofurika.

Ndiyo maana nalipa suala la vifaa uzito kuliko suala la kufuli, na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Miongoni mwa wazoefu wa mapango kuna desturi ya zamani kwamba kila mtu aingie na vyanzo vitatu vya mwanga vinavyojitegemea, kimoja kikiwa kimefungwa kwenye kofia ngumu ili mikono ibaki huru. Kundi la watu kumi linalomfuata mwongozaji mwenye tochi moja mkononi limeikiuka desturi hiyo kabisa, hata kama njia ni fupi. Tochi ile ikianguka majini au betri ikiisha, watu kumi watasimama gizani wasiweze hata kuona mkono wao wenyewe, na simu za mkononi si tegemeo, kwa kuwa huisha chaji, huteleza na hazifungiki kichwani.

Kofia nayo ina maneno yake. Helmeti ya bodaboda huziba masikio na kupunguza upeo wa macho, wakati pangoni sauti ya jiwe linaloporomoka au ya mwenzako anayekuonya ndiyo kinga yako ya kwanza. Kofia ya fundi ujenzi isiyo na mkanda wa kidevuni hudondoka mara tu mtu anapoinama kupita chini ya mwamba. Kofia inayofaa ni nyepesi, ina mkanda wa kidevuni na inakaa kichwani hata ukiinamisha uso mpaka magotini. Mwongozaji anaweza kuwapima wageni wake kwa jaribio hilo pale mlangoni, na halichukui hata dakika moja.

Kwa kamba, hoja inazidi kuwa nzito. Kamba inayovutika, ambayo wapanda miamba huitumia ili imdake kwa ulaini mtu anayeanguka, haifai kwa kushukia shimo refu pangoni, kwa sababu kila hatua ya mshukaji huifanya inyooke na kurudi huku ikijisugua kwenye ukingo wa jiwe. Pangoni hutumika kamba isiyovutika sana, na kwenye miamba ya lava, ambayo ni mikali na yenye kukwaruza, hata hiyo huwekewa kinga kila inapogusa ukingo. Kuikagua ni kuipitisha yote kati ya vidole, hatua kwa hatua, kutafuta mahali palipobonyea, palipokakamaa, palipovimba, au ambapo ganda la nje linateleza juu ya kiini. Hata hivyo vidole havigundui kila kitu: asidi ya betri ya gari inaweza kuidhoofisha kamba ya nailoni bila kuacha alama inayoonekana, na kamba iliyosafirishwa kwenye buti la gari pamoja na betri haistahili kuaminiwa tena.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu, nayo nataka niipe haki yake. Vifaa hivi ni ghali, vingi huagizwa kutoka nje, na kijana wa Suswa anayeishi kwa kuwaongoza wageni hawezi kuvinunua kwa mapato yake. Ukimlazimisha kwa sheria bila kumsaidia, utamnyima riziki, na wageni wataingia bila mwongozaji, jambo ambalo ni hatari zaidi. Jibu linalotolewa mara nyingi ni vifaa vya pamoja, vinunuliwe kwa sehemu ya kiingilio na kuazimwa mlangoni. Naliunga mkono, lakini kwa sharti moja. Kifaa cha wote kisichokuwa na mtunzaji hupoteza historia yake: hakuna ajuaye kilinunuliwa lini, nani alikiangusha, wala kama kilianikwa juani mwezi mzima. Kamba ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa kamba, kwa sababu humpa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao. Kwa hiyo kila kamba iwe na namba na ukurasa wake daftarini, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina awe na mamlaka ya kuikata vipande siku anapoitilia shaka, bila kuulizwa hasara.

Si kwamba kufunga hakufai kamwe. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, baada ya kutembelea Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo nchini Uganda, na uchunguzi umethibitisha kwamba popo wala matunda wa aina inayoishi humo hubeba virusi hivyo. Hata Pango la Kitum katika Mlima Elgon lilihusishwa na wagonjwa wa mwaka 1980 na 1987. Baadaye Pango la Chatu lilijengewa kibanda cha kutazamia popo kwa mbali. Hapo uamuzi wa kuwazuia wageni wasiingie ulikuwa sahihi, kwa kuwa glavu na barakoa ya dukani havimtoshi mtalii anayetambaa penye kinyesi cha maelfu ya popo.

Amboni ni habari tofauti. Simulizi husema njia zake hufika Mombasa au Kilimanjaro, lakini upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Hapo kofia, taa ya kila mgeni na ukomo wa idadi ya watu kwa kila mwongozaji vinatosha, na kudai vyeti vya ufundi wa kamba kungekuwa kuwafukuza wanafunzi wa shule bila sababu. Suswa, ambako baadhi ya mapango ya lava huingiwa kupitia paa lililoporomoka na barabara ya kutoka ni ya vumbi, panahitaji zaidi: daftari la saa ya kuingia na saa ya kutarajiwa kutoka, mtu anayebaki nje akiwa na orodha ya majina, na makubaliano ya awali kuhusu nani atapigiwa simu saa hiyo ikipita. Kazi hiyo ilipwe kutoka kwenye kiingilio kama inavyolipwa kazi ya kuongoza, kwa kuwa anayeachwa kulinda orodha bila ujira ataondoka pindi kundi jingine la wageni litakapofika.